Kama roho ni moja, baba yuko wapi?

Mwalimu,

Nina miaka thelathini na moja, nimezaliwa na kukulia Upanga, Dar es Salaam. Sisi ni Wahindu wa asili ya Gujarat. Baba alifariki miezi minane iliyopita. Mwili wake ulichomwa kwa taratibu zetu, na majivu tukaenda kuyamwaga baharini. Baba alikuwa mtu wa dini. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua duka, alikaa akasoma Shikshapatri, hata akiwa na homa.

Siku ya majivu tulikuwa na binamu yangu aliyekuja kutoka Leicester. Amesoma sana mambo ya Vedanta. Aliponiona nalia akaniambia nisilie, kwa sababu hakuna aliyekufa. Akasema roho ni moja tu ulimwengu mzima, na hiyo ndiyo Brahman. Mimi, yeye, baba, sote ni majina tu. Akaonyesha bahari, akasema baba ni tone lililorudi majini. Najua alitaka kunifariji, lakini tangu siku ile sina amani. Kama baba alikuwa jina tu, mimi nilimpenda nani? Na kama ni tone lililorudi baharini, basi ndiyo amekwisha, maana tone likishaingia baharini hulioni tena.

Kazini nina rafiki Mkristo na rafiki Mwislamu. Wote wawili wanaamini watakutana na wazazi wao. Nawaonea wivu, na ninaona aibu kuwaonea wivu. Sasa mwaka unakaribia. Mama anataka tufanye shraddha, ile ibada ya kumtolea marehemu chakula, na mimi ndiye nitakayepika. Nimpikie nani? Kaka anasema kama baba ameshazaliwa upya, chakula hakimfikii. Usiku silali. Hekaluni naenda ili mama asiumie. Naomba uniambie: kwa dini yangu, baba yangu yupo au hayupo?

Binti wa Upanga

*

Mwanangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa miezi hii minane ambayo umebeba swali hili peke yako.

Jibu nakupa mwanzoni, sababu zitafuata. Binamu yako alikupa fundisho la shule moja ya Vedanta, falsafa ya Kihindu inayotokana na Upanishad, kana kwamba ndilo fundisho la Wahindu wote. Fundisho hilo lipo, ni kubwa, na limeheshimiwa kwa zaidi ya miaka elfu. Lakini silo la baba yako. Kitabu alichokisoma kila asubuhi kabla ya kufungua duka kinasema kwamba roho ya mtu haiyeyuki, na mwandishi wa kitabu hicho aliitaja kabisa shule anayoifuata ili asije akaeleweka vibaya. Kwa dini aliyoishi nayo baba yako, baba yako yupo.

Sasa nisikilize taratibu, kwa sababu sitaki ubadilishe neno la binamu kwa neno langu. Nataka uone mwenyewe.

Swali lako kuna mwanamke aliyelitangulia. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya yale maandiko matakatifu yaliyo kongwe kabisa, yumo Maitreyi. Mumewe, Yajnavalkya, ameamua kuacha nyumba na kwenda kuishi kitawa, na anataka kuwagawia mali wake zake wawili, Maitreyi na Katyayani. Maitreyi anamuuliza kama mali ya dunia nzima ingeweza kumwokoa na kifo. Mume anakiri kwamba haiwezi. Basi mke anasema mali hana haja nayo, amfundishe kile anachokijua. Yajnavalkya anamweleza kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume, wala watoto kwa ajili ya watoto, wala mali kwa ajili ya mali. Vyote hupendwa kwa ajili ya atma, roho. Halafu anamtolea mfano wa bonge la chumvi lililotupwa majini. Limeyeyuka, huwezi kuliokota tena, ila popote utakapochota, maji yana chumvi. Na mtu akishaondoka, anasema, utambuzi haupo tena.

Maitreyi hakumshukuru. Alimwambia mumewe kwamba hapo amemchanganya kabisa.

Ninapenda sana kwamba maneno hayo ya mwanamke yalihifadhiwa. Mazungumzo hayo yameandikwa mara mbili ndani ya kitabu kilekile, na mara zote mbili mkanganyiko wa Maitreyi umeachwa pale pale. Waliokuwa wakiyapokea na kuyapitisha kwa kichwa, kizazi hadi kizazi, wangeweza kulifuta pingamizi lake wakabakiza hekima ya mume. Hawakulifuta. Kwa hiyo unapokaa macho usiku ukijiuliza roho isiyotambua chochote ni faraja ya namna gani, hujatoka nje ya dini yako. Umekaa palepale alipokaa Maitreyi, na hapo ndipo wanafalsafa wakubwa wa Vedanta walipoanzia kubishana.

Yajnavalkya alimjibu mkewe kwamba palipo na wawili, mmoja humwona na kumsikia mwenzake. Lakini pale ambapo kila kitu kimekuwa atma, hapana wa kuona wala wa kuonwa. Jibu hilo laweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja, na limesomwa hivyo.

Binamu yako, ajue asijue, anamfuata Shankara. Huyu alikuwa mtawa wa Kerala, kusini mwa India, ambaye wataalamu wengi humweka kwenye karne ya 8. Mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi na akafariki akiwa na miaka 32 tu, huku ameacha fafanuzi za Upanishad, za Bhagavad Gita na za Brahma Sutra ambazo bado zinasomwa hadi leo. Fundisho lake huitwa Advaita, yaani pasipo uwili. Kilicho halisi ni Brahman peke yake, isiyo na mwanzo, mpaka wala sehemu. Atma yako ndiyo Brahman hiyo nzima. Tunajiona wengi kwa sababu ya ujinga wetu, kama mtu anayepita gizani akaona kamba akadhani ni nyoka. Akileta taa, nyoka hakimbii kwenda popote, kwa sababu hakuwahi kuwepo.

Fundisho hili lina nguvu, na kuna watu limewatoa kwenye hofu ya kifo moja kwa moja. Silibezi. Ila hata kwa Shankara mwenyewe, binamu yako alikosea mara mbili pale ufukweni.

Kwanza ni lile tone. Tone linatoka mahali, linasafiri, linaingia baharini, na kwa kuingia linapoteza kitu. Kwa Shankara hakuna safari ya namna hiyo. Atma haikuwahi kutengana na Brahman hata nukta moja, kwa hiyo haina pa kurudi na haina cha kupoteza. Wewe ulisikia kwamba baba amepunguzwa mpaka akaisha. Shankara angesema baba hakuwahi kuwa mdogo kama tulivyomdhania.

Pili, Shankara alitenganisha ngazi mbili za ukweli. Katika ngazi ya juu kabisa ipo Brahman tu. Katika ngazi ya maisha haya, baba ni baba, binti ni binti, deni ni deni, na ibada ni wajibu. Alikuwa mwangalifu sana hapo. Kuna kisichokuwepo kabisa, kama pembe la sungura, na kuna kinachoonekana na kusimama mpaka ujuzi mkuu utakapokuja. Baba yako hakuwa pembe la sungura. Mtu ambaye hajaufikia ujuzi huo hana ruhusa ya kuruka ngazi na kumwambia mfiwa kwamba aliyekufa hakuwepo. Na aliyeufikia, nadhani, asingekuwa na haraka ya kusema hivyo mbele ya majivu.

Wafuasi wa Shankara wanasimulia habari moja ambayo ningependa binamu yako aisome. Mtu akishakuwa mtawa wa aina ile, ameiaga familia. Ibada za mazishi ya jamaa hazimhusu tena. Lakini Shankara alimuahidi mama yake kwamba atarudi saa yake ikifika. Alirudi. Ndugu wa Kaladi wakakataa kumsaidia, wakisema mtawa hana haki ya kufanya kazi hiyo, na yeye akamchoma mama yake kwa mikono yake mwenyewe karibu na nyumba. Wasifu wa Shankara uliandikwa karne nyingi baada yake, kwa hiyo nakupa kama mapokeo. Lakini angalia ni kitu gani wafuasi wa fundisho la roho moja walichagua kukumbuka juu ya mwalimu wao: kwamba alivunja kanuni ya utawa kwa ajili ya mama mmoja, mwenye jina.

Nije sasa kwa yule aliyemjibu Shankara, maana ndiye aliye karibu zaidi na nyumba yenu.

Ramanuja alizaliwa Sriperumbudur, karibu na Chennai ya leo. Mapokeo yanampa miaka 1017 hadi 1137, umri wa miaka 120, na kwa muda mrefu alikuwa kiongozi wa hekalu la Srirangam, lililo kwenye kisiwa katika mto Kaveri. Kazi yake kubwa ni Sri Bhashya, ufafanuzi wa Brahma Sutra, na mwanzoni mwake amefungua mashtaka marefu dhidi ya Advaita. Katika mashtaka hayo mna hoja moja ambayo niliposoma barua yako niliikumbuka papo hapo. Ramanuja anasema hivi, kwa maneno yangu: ukimwambia mtu kwamba ukombozi maana yake ni kufutwa kwa yule anayejiita "mimi", mtu huyo atainuka na kuondoka mara tu ukombozi unapotajwa. Nani atafunga, ataomba, ataacha anasa, ili mwisho wake asiwepo?

Ndivyo ulivyofanya wewe kwa miezi hii minane. Uliinuka ukaondoka. Ulidhani ni upungufu wa imani, kumbe mwanafalsafa mkubwa wa dini yako aliitumia hatua hiyohiyo kama ushahidi mahakamani.

Kwa Ramanuja, yule "mimi" ni atma yenyewe, wala si vazi linalovuliwa. Roho ni nyingi, ni za kweli, ni za milele. Kinachoziunganisha ni kwamba zote ni mwili wa Mungu: kama roho yako inavyouhuisha mwili wako na kuushika, ndivyo Mungu anavyozihuisha roho zote na kuzishika kutoka ndani. Umoja upo, na tofauti zimo ndani ya umoja huo. Shule yake huitwa Vishishtadvaita. Roho iliyokombolewa haifutiki. Ujuzi wake, uliokuwa umebanwa na karma, unafunguka, na inamjua Mungu ikiwa bado yenyewe.

Ushahidi mmojawapo wa Ramanuja huenda ulisomwa nyumbani kwenu siku za msiba, kwa sababu sura ya pili ya Gita husomwa sana kwa wafiwa. Arjuna yuko uwanja wa vita Kurukshetra, mbele yake babu, walimu, binamu, na hawezi kunyanyua upinde. Krishna anamweleza kwamba hapakuwa na wakati ambapo Yeye hakuwepo, wala Arjuna, wala wafalme wale waliosimama pale, na hautakuja wakati ambapo hawatakuwepo. Ramanuja anaweka kidole hapo. Krishna hafundishi kwa mzaha. Anamfundisha mtu ukweli wa mwisho, na katika ukweli huo anasema mimi, na wewe, na hawa. Shankara naye aliusoma ubeti huohuo, akasema wingi huo unahusu miili tu. Mimi nimezisoma fafanuzi zote mbili na ninaona Ramanuja anayasikia maneno kama yalivyosemwa, ilhali Shankara analazimika kuyazunguka. Lakini hiyo ni hukumu yangu, na watu wenye elimu kunizidi wamehukumu kinyume.

Baada yao alikuja Madhva, karne ya 13, huko Udupi, ambaye alikwenda mbali zaidi: roho na Mungu ni tofauti, na roho na roho ni tofauti, milele. Simwelezi kwa kirefu. Inatosha ujue kwamba meza hii ina watu wengi kuliko ulivyoonyeshwa.

Tufike kwa baba sasa. Shikshapatri iliandikwa Vadtal, Gujarat, mwaka 1826, na Swaminarayan, ambaye alizaliwa 1781 Chhapaiya karibu na Ayodhya na kufariki Gadhada mwaka 1830. Ni kitabu kidogo, beti 212. Sehemu kubwa ni maagizo ya maisha ya kila siku: namna ya kuoga, kuweka hesabu, kukopeshana kwa maandishi na mashahidi hata baina ya baba na mwana. Ninaelewa kwa nini mfanyabiashara alikisoma kabla ya kufungua duka. Lakini katikati ya maagizo hayo kuna beti chache za falsafa, na hizo ndizo nataka uzitafute. Katika ubeti wa 105 anaeleza roho ya mtu: inakaa moyoni, ni ndogo mno, asili yake ni utambuzi, ndiyo inayojua, inaenea mwili mzima kwa nguvu ya ujuzi wake, na haiwezi kukatwa wala kutobolewa. Soma tena hapo kwenye "ndiyo inayojua". Na katika ubeti wa 121 anataja msimamo wake kwa jina: Vishishtadvaita. Anasema pia ukombozi ni nini kwake, kwamba ni kumtumikia Krishna roho ikiwa imefikia hali ya Brahman. Anayetumikia hawezi kuwa hayupo.

Matawi yanayomfuata Swaminarayan hayaelezi mambo haya kwa namna moja, na lipo tawi linalosema falsafa yake ni shule inayojitegemea kabisa. Ubishi huo waachie wanazuoni wao. Kwa swali lako wamesimama upande mmoja.

Sasa kuna jambo ambalo sina budi kukwambia, hata kama ungependa niishie hapo. Uliwaonea wivu rafiki zako kwa sababu wanatarajia kukutana na wazazi wao. Vedanta, hata ya Ramanuja, haikupi ahadi hiyo kwa namna ileile. Inakwambia roho ya baba ipo, inajua, na haitapotea. Haikwambii kwamba utamkuta akiwa baba, na wewe binti, mmekaa kibarazani kama zamani. Ubaba ulikuja na mwili, na mwili umekwenda. Ahadi kubwa ya dini yako ni Mungu. Jamaa wanakutana ndani yake kama watumishi wenza. Kwa mfiwa hilo laweza kuonekana dogo, na sikulaumu ukiliona dogo leo.

Lakini lile swali lako la kwanza, ulimpenda nani, lina jibu. Rudi kwa Yajnavalkya na maneno yake kwamba mume hapendwi kwa ajili ya mume. Ukiyasoma kama binamu yako, yanasema upendo ulikosea mlango. Ramanuja aliyasoma tofauti: kwamba mpendwa anakuwa mpendwa kwa mapenzi ya Roho Mkuu, ambaye ndiye anayeweka utamu katika kila tunayempenda. Kwa usomaji huo, ulipompenda baba, kile ulichokuwa unakipenda kilikuwepo kweli, na kilikuwepo kwa sababu Mungu alikiweka. Hukudanganywa. Uchungu ulionao si adhabu ya ujinga.

Kuhusu shraddha, kaka yako ana hoja ya zamani sana. Wapinzani wa dini walioitwa Charvaka, kama wanavyoelezwa katika kitabu cha Madhava (si yule Madhva wa Udupi) cha karne ya 14, waliwacheka wenzao: kama chakula cha shraddha kinamshibisha marehemu, basi msafiri naye asibebe masurufu njiani, apikiwe nyumbani ashibe huko aliko. Wenye dini hawakukimbia hoja hiyo. Walijibu kwamba sadaka hutolewa kwa jina la marehemu na gotra yake, yaani ukoo wake, na humfikia kwa umbo linalofaa hali yake: akiwa miongoni mwa miungu inakuwa amrita, kinywaji cha kutokufa, akiwa amezaliwa mnyama inakuwa nyasi. Kwa hiyo kuzaliwa upya hakukusahauliwa na walioiweka ibada hii. Waliiweka wakilijua jambo hilo.

Upanishad zenyewe zina picha ya kale zaidi, ile ambayo mfalme Pravahana Jaivali alimfundisha Uddalaka baada ya mwanawe, Shvetaketu, kushindwa kujibu maswali. Wenye ujuzi hupita njia ya mwanga na hawarudi. Waliotoa sadaka na kutenda mema hupita njia ya moshi mpaka ulimwengu wa wazee, wakafika mwezini, wakakaa mpaka mema yao yaishe, halafu wakashuka na mvua na kuingia katika mpunga, shayiri na ufuta. Angalia basi pinda, yale madonge ambayo pujari, kuhani wetu, atayapanga juu ya majani: ni unga wa shayiri au wali, na ufuta mweusi juu yake. Anayeyaweka anashika mkononi nafaka zilezile ambazo kwa mafundisho haya wazee hurudi kupitia kwazo. Mimi naiona ibada hiyo ina akili nyingi kuliko mabishano yetu.

Kama familia yenu inafuata desturi ya Kigujarati, utapika dudhpak na puri, na sehemu ya kwanza itawekwa juu ya paa au ukutani kwa ajili ya kunguru. Kunguru hao wa Dar, wenye shingo ya kijivu, nao asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na wakaenea pwani yote. Pika. Hata Mhindu wa Advaita anapika siku hiyo, maana katika ngazi ya maisha haya wajibu kwa mzazi haujafutwa. Huwezi kuwa mnafiki kwa kumpikia mtu ambaye bado unamuuliza maswali.

Kukosa usingizi miezi minane ni jambo jingine, na falsafa haitalitibu. Nenda kwa daktari wiki hii, mweleze kama ulivyonieleza mimi. Na mwambie mama. Unadhani unamlinda kwa kwenda hekaluni ukiwa kimya, lakini mama ameishi na yule mtu miaka mingi kuliko wewe, na huenda naye yuko macho chumba cha pili.

Binamu yako mpigie simu. Usimgombeze. Mwambie kwamba neno lake lilikuumiza, kisha muulize kama amewahi kumsoma Ramanuja. Wale wa kwetu waliohamia Leicester mara nyingi wameikuta Vedanta kwenye vitabu vinavyoanza na kumalizia kwa Shankara, na huenda hajui kwamba kitabu cha mjomba wake kilikuwa upande mwingine wa ubishi.

La mwisho ni la utaratibu. Shraddha ya mwaka huhesabiwa kwa tithi, siku ya mwezi mwandamo aliyofariki, kwa hiyo haitaangukia tarehe iliyo kwenye cheti cha kifo. Yaweza kuwa kabla kwa siku kumi na zaidi, au baada. Mwulizeni pujari mapema ili ndugu wa mbali wapate nafasi ya kusafiri. Utakapokwenda, chukua Shikshapatri ya baba, ile yake mwenyewe, umwombe akusomee beti za 105 na 121 kwa Kisanskriti, halafu akueleze kwa Kigujarati.